Upana wa Yordani

Mimi nikisikia harufu ya mbao mbichi, ile paini iliyopasuliwa asubuhi hiyo hiyo na bado inalia utomvu, sisikii mbao. Nasikia Yerusalemu. Madereva wa malori hapa Makambako wananicheka kwa hilo. Lori la mbao likipaki mbele ya kibanda changu cha chai, wananikuta nimesimama na birika mkononi, macho nimefumba, pua juu kama mbwa aliyenusa mchuzi wa jirani. Wanasema, "Mama Chai leo kasafiri tena." Wanadhani ni utani. Ninyi wenzangu wa rika langu, mliokua mnachota maji yenye barafu juu na kuyapasua kwa kisigino, ninyi nawaambia kabisa: mimi bara la Asia nimefika. Shule sikuiweza, darasa la nne nikaona linatosha, nikawaachia wenye nafasi. Lakini nimeogelea Bahari ya Chumvi kabla sijajua kupika ugali usio na madonge.

Na aliyenipeleka ni miti ya babu yangu.

Kwetu Njombe mtu akiwa na akiba anaipeleka kilimani anaipanda. Babu alipanda paini zake akiwa kijana mwenye meno yote, akatangaza kwamba miti ile si ya nyumba wala si ya mahari, ni ya kumpeleka yeye Nchi Takatifu. Ikakua. Ilikua mpaka ukitazama kilele kofia inakuanguka, na ukiinama kuiokota unakuta kumeshakuwa jioni. Babu alikuwa katekista wa kigango chetu, kijiji kimoja nyuma ya Uwemba, mahali ambapo baridi ya mwezi wa sita inakunyang'anya mate kabla hujayatema. Wote mliobatizwa upande ule mlipita mikononi mwake. Na kama mlipita, basi mnakumbuka somo lake la ubatizo wa Bwana. Alikuwa anasimama, anatupa mikono huku na huku mpaka koti linalia kwapani, anasema, "Yordani, watoto, si mto wa mchezo! Ukisimama huku, mtu wa ng'ambo humwoni. Ukimwita, sauti inachoka njiani!"

Upana huo aliutoa wapi? Aliutoa Ziwa Nyasa. Ujanani alishuka Ludewa mara moja kununua samaki, akaona yale maji, akarudi bila samaki, amepigwa na butwaa. Tangu siku hiyo kila maji matakatifu akayapa ukubwa ule ule.

Sasa kulikuwa na mzee mmoja, Mzee Mtewele, aliyestaafu kazi ya relini hapa Makambako akarudi kijijini na redio na maneno. Huyu mzee kila mto wa njia ya Zambia aliujua, maana madaraja yake ndiyo aliyoyakaza nati. Siku moja jumuiya imekaa kwetu, sala zimeisha, ulanzi, ile pombe ya mianzi, umeanza kuzunguka, akakohoa.

"Katekista, kuna jambo linanisumbua. Mto ambao mtu anashuka kwa miguu, anabatizwa, anatoka bila mtumbwi, huo ni mto wa kawaida. Mimi nasema Yordani ni kamfereji tu."

"Mtewele, umefika Yordani?"

"Sijafika."

"Basi kaa chini unywe."

"Na wewe umefika, katekista?"

Nilikuwa nimekaa karibu na moto, nikasikia mpaka mahindi yakichomeka. Babu akapitisha ulanzi kwa jirani bila kuunywa. Jumapili iliyofuata, alipotupa mikono kufundisha, mtoto mmoja wa nyuma akasema kwa sauti ya chini, "Kamfereji." Wenzake wakacheka, na kicheko cha watoto kanisani mnakijua, kinatembea kwenye benchi kama siafu. Babu akashusha mikono. Akaenda nyumbani, akatundika koti la ukatekista kwenye msumari, akasema hatafundisha tena mtoto wa mtu mpaka ajue kwa hakika. Miaka yote ile alikuwa anafundisha maji aliyoyakisia, na sasa yalikuwa yamemkwama shingoni.

Miti ikakatwa. Lakini kabla paroko hajakusanya watu wa hija, miguu ya Babu ikagoma. Kiharusi kilimpitia asubuhi anavaa viatu, kikamwacha kwenye kiti. Alikaa siku kadhaa anatazama vile visiki kilimani. Halafu akamwita Bibi.

"Utakwenda wewe. Uwe macho yangu. Ukaangalie mto, urudi usimame mbele ya jumuiya useme ulichokiona. Ukisema ni mkubwa, nitarudi kufundisha. Ukisema ni kamfereji, koti hilo mpelekee Mtewele."

Hapo ndipo pagumu. Bibi yangu alikuwa hajui kudanganya, kama kuku asivyojua kuogelea. Huyu ndiye aliyemwambia bwana harusi mbele ya wageni kwamba suti imembana makalio. Huyu ndiye aliyemwambia paroko kwamba mahubiri yake yalikuwa mazuri ila yalipita kituo. Kumtuma Bibi akaangalie jambo ni kama kulipeleka jambo lenyewe kwenye mizani ya kiwanda cha chai Lupembe, hakuna cha kubembeleza.

Na Kiswahili hakujua. Alikuwa na Kiswahili cha sokoni tu: bei gani, punguza, haya basi. Paroko akasema lazima awe na mtu wa kumtafsiria. Mimi nilizaliwa hapa Makambako karibu na stesheni, mahali ambapo Mbena, Mkinga na Mnyakyusa wanagombania kiti kwa Kiswahili, halafu mama yangu akanipeleka kwa Bibi kulelewa. Kwa hiyo lugha zote mbili, Kiswahili na Kibena cha Bibi, zilikuwa zinanichuruzika. Nikateuliwa. Wajomba walinuna wiki nzima, watu wazima wenye masharubu, wamepitwa na kitoto kinachovaa kandambili za rangi mbili tofauti.

Siku ya kuondoka, wenzangu, mimi nilijua tunakufa.

Nani angeniambia vingine? Paroko ametunyunyizia maji ya baraka. Shangazi wote wanalia. Watu wanaleta sabuni na vitenge kama wanavyoleta msibani. Tunaambiwa tunakwenda Nchi Takatifu, na njia ya kwenda huko ni juu, kwa ndege. Sasa nchi takatifu iliyoko juu ni ipi nyingine? Nikaenda bandani nikawaaga mbuzi mmoja mmoja. Nikamgawia binamu yangu kandambili zangu, yaani nilipanda basi la Dar pekupeku, nikijua Mbinguni hakuna miiba.

"Bibi," nikamwuliza ndege ilipoanza kupanda, "tukifika tutamkuta yule dada yangu aliyefariki?"

Bibi alikuwa ameshika kiti mbele yake kama anashika pembe za ng'ombe. "Tutamkuta nani? Nyamaza, usimchanganye dereva."

Ilipotua nikaona Mbingu ina lami, na wanaume wanavuta sigara nje ya mlango. Nikaanza kuwa na mashaka. Paroko akatukusanya, watu kama kumi na kitu na masanduku yetu, akasema kwa furaha, "Ndugu zangu, sasa mmekanyaga bara la Asia!" Nikamtafsiria Bibi. Bibi akasema, "Asia? Mimi niliaga nakwenda kwa Yesu."

Basi tukazunguka. Nitawaambia ukweli, na pale nitakapoongeza mtaona wenyewe, siwafichi. Ile nchi ni mawe. Ni mawe mpaka mbuzi wao wanazaliwa wamekunja uso. Bibi alikuwa anashuka kwenye basi, anaokota udongo, anaunusa, anautupa. "Hapa wanalima nini?" Nikauliza, jibu likarudi, zeituni na zabibu. "Mahindi je?" Hapana. Bibi akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli kabisa. "Kumbe ndiyo maana aliongeza mikate. Watu walikuwa na njaa."

Utaratibu wa maneno ulikuwa hivi. Mtembezaji wetu, kijana mmoja mwenye miwani ya jua, anaongea Kiingereza. Paroko anageuza Kiswahili. Mimi nageuza Kibena. Pale Kapernaumu, penye magofu ya mawe meusi kando ya ziwa, yule kijana akaongea kidogo, paroko akasema, "Hapa Bwana alifundisha." Mimi nikamwambia Bibi, "Hapa Yesu alifundisha siku tatu bila kunywa hata maji, watu walijaa mpaka wengine wamekaa mabegani kwa wenzao, na paa likabomoka likamwangukia mtoza ushuru."

Bibi akanitazama. "Padri amesema maneno mawili."

"Kibena ni kirefu, Bibi."

Ziwa lenyewe la Galilaya, jamani, ni zuri, maji ya bluu na vilima vyake vimekaa kwa adabu. Lakini ukiwa mtu wa kwetu unajua Nyasa ingelimeza lile kama kidonge. Unasimama huku unaona ng'ambo, unaona nyumba, ukikaza macho unaona na nguo zimeanikwa. Bibi alisimama ukingoni muda mrefu. Akasema, "Hili ndilo ziwa, sivyo? Na mto unatoka humu?" Nikauliza, nikamjibu ndiyo. Akafunga kanga yake upya kiunoni, kama mwanamke anayejiandaa kubeba mzigo. Tangu hapo hakuniuliza tena habari za mahindi.

Bahari ya Chumvi ilimchekesha kidogo. Pale tulishuka na basi, tukashuka, tukashuka, masikio yakaziba, nikajua sasa tumepitiliza, tunakwenda kule kwingine. Na joto lilikuwa la kule kwingine hasa. Ukiingia maji yale hayakupokei, yanakurudisha juu kama mkwe asiyekupenda. Bibi alilala chali juu ya maji, miguu imenyooka, akasema angekuwa na ungo angechambua maharage humo humo. Tulicheka mpaka paroko akameza yale maji, na aliyewahi kuyameza anajua kwamba hilo jambo linamtoa mtu upadri kwa dakika tano nzima.

Kesho yake tukaenda Yordani.

Basi lilipita kati ya nyaya za miiba, na kwenye nyaya vibao vyekundu vya kuonya mabomu. Mbele kukawa na askari. Sasa hapa lazima niseme kitu. Kule Uwemba, Ijumaa Kuu, vijana wanaigiza mateso ya Bwana. Wanavaa kofia za maboksi, wanashika mikuki ya mianzi, wanamchapa yule anayeigiza Yesu mpaka akina mama wanalia kweli. Mimi kuona wale askari pale mtoni, na mabuti, na bunduki, nikajua mara moja: hawa ndio wenyewe. Wale wa kwetu walikuwa wanaiga hawa. Na kazi yao ile hawajaiacha, wamebadilisha mikuki tu. Nikakamata mkono wa Bibi kwa mikono yangu yote miwili.

Tukavalishwa kanzu nyeupe, tukashuka ngazi za mbao, na mto huo hapo.

Wenzangu, mimi ni mtu wa kuongeza, kila mtu anajua. Lakini ule mto hata ukiuongeza unarudi pale pale. Maji rangi ya chai ya maziwa. Matete huku, matete kule. Mtu akila chungwa huku, kokwa akilitema vizuri linaanguka ng'ambo. Mto wetu Ruhuji ukifurika ungeuchukua ule mto mzima na ngazi zake na askari wake na kuendelea na safari bila kugeuka nyuma.

Bibi akautazama. Akanigeukia. "Huu ndio wenyewe, au ni mfereji unaokwenda mtoni?"

Nikamwuliza paroko, paroko akamwuliza kijana mwenye miwani. Jibu lilirudi kupitia lugha tatu na halikuongezeka hata kidogo njiani. Ndio wenyewe.

Bibi akakaa kwenye ngazi, miguu ndani ya maji. Wengine wanaimba, wanazamishwa, wanatoka wanalia kwa furaha. Yeye amekaa.

"Nitamwambia nini babu yako?"

"Mwambie ni mkubwa."

"Nimeuona."

"Basi mwambie ni kiangazi, Bibi. Masika unajaa."

"Umewahi kunisikia nikisema kitu ambacho sikukiona?"

Sikuwahi. Na nilikuwa naliona lile koti kwenye msumari, na Babu kwenye kiti, na Mtewele akilivaa Jumapili likiwa linampwaya. Nikaanza kulia, na mimi nikilia sijui kulia kidogo.

Ndipo tukasikia nyimbo kutoka ng'ambo. Ule upande mwingine ni nchi nyingine, nao wana ngazi zao na askari wao, na wenyewe wanaleta mahujaji. Wakatokea akina mama kwenye matete, wamevaa vitenge vya sare, wanaimba Kiswahili! Bibi akainua kichwa. Kabla paroko hajasema lolote, Bibi amesimama, ameweka kiganja mdomoni, ametoa salamu ya kwetu kwa ile sauti tunayoitana nayo kilima kwa kilima.

"Kamweneee!"

Nyimbo zikakatika. Kisha mama mmoja mfupi akajitokeza mbele ya wenzake, mnene, ana pengo la meno mawili juu, uso umefunguka kama dirisha.

"Kamweneee! Mnatoka wapi ninyi?"

"Njombe! Uwemba!"

"Sisi Iringa! Mimi wa Kilolo!"

Mhehe na Mbena tena, lugha zao ni ndugu, hapo mkalimani wa nini? Wakaanza. Hamjambo nyumbani? Hatujambo. Mvua je? Ilichelewa. Mahindi? Mazuri, ila panya! Aa, hata kwetu panya! Askari wa huku na askari wa kule wanageuza vichwa pamoja, huku, kule, huku, kule, kama wanatazama mpira.

Sasa mnajua salamu yetu. Mdomo peke yake haujasalimia, umepiga kelele tu. Salamu ni mkono, goti limeinama kidogo, mkono wa kushoto umeshika kiwiko cha kulia, na mkono hauachiwi mpaka nyumba nzima iulizwe na mifugo ipitiwe. Kumwacha mtu wa kwenu bila mkono ni kumtukana yeye na mama yake. Bibi wala hakufikiri. Aliona mtu wa kwao amesimama pale, akaenda kumpa mkono. Akashuka ngazi ya mwisho, akaingia majini na kanzu yake, maji ya magoti, maji ya mapaja, mkono mbele.

Katikati ya mto palikuwa na kamba yenye maboya. Filimbi ikalia.

"Mama!" paroko akapiga kelele. "Mama, simama! Huko ni nchi nyingine!"

"Bibi!" nikaita. "Padri anasema huko ni nchi nyingine!"

"Nchi gani? Yule ni mtu wa Kilolo!"

Na yule mama naye anashuka upande wake, goti limeshaanza kuinama, mkono mbele. Askari wa kule akapaza sauti. Wa huku akaondoa bunduki begani. Wenzangu, mimi nikauona msalaba. Niliuona umeshachongwa, na misumari iko kwenye kopo. Nikajitupa majini nikaidaka kanzu ya Bibi kwa nyuma, nikamgeukia yule askari nikampigia kelele kwa Kiswahili cha stesheni, "Usimsulubishe! Ni Bibi yangu! Hajafanya kitu, anasalimia tu!"

Hilo paroko hakulitafsiri.

Askari alikuwa kijana, ndevu hazijamkomaa. Aliingia majini na mabuti yake, bunduki amempa mwenzake, akasimama mbele ya Bibi kwenye ile kamba. Hakumgusa. Alimtazama Bibi, akatazama ule mkono, akaweka kiganja kifuani kwake mwenyewe, akatikisa kichwa polepole. Na ng'ambo mwenzake amemshika yule mama wa Kilolo begani.

Mikono ile miwili ilibaki imenyooshwa. Kati yake ungeweza kulaza jembe na mpini wake, zaidi ya hapo hapana. Niliona pete ya ndoa ya yule mama. Niliona mpaka kovu la moto kwenye kidole gumba. Mwishoni yule mama akainamisha goti ndani ya maji, akashika mkono wake mwenyewe kwa mkono wake mwingine, akautikisa kana kwamba umeshikwa. Bibi hakufanya hivyo. Bibi aliuacha wake hewani mpaka paroko akaja akamrudisha.

Yerusalemu tuliiona, ndiyo. Kuta zake ni za mawe ambayo jiwe moja lingejenga kanisa letu na choo chake. Tuligusa, tulipanda, tulishuka, tulibusu kila tulichoambiwa kibusiwe. Bibi alikuwa anatembea tu. Mara kwa mara namwona anautazama mkono wake wa kulia, anaugeuza upande huu na huu, kama mkono alioazima kwa mtu. Usiku hotelini sikuthubutu kumwuliza atasema nini.

Tuliporudi, gari lilitushusha mbele ya nyumba mchana. Jumuiya yote ipo. Kina mama wamepika viazi na kande, ulanzi umefunikwa kwa majani. Babu amekalishwa uani, amevaa shati la Pasaka, na mbele kabisa, kwenye stuli, Mzee Mtewele, amekunja nne. Bibi akapewa mikono na kila mtu, akakaa. Akaanza kueleza. Alieleza mawe. Alieleza bahari isiyozamisha mtu, watu wakapiga makofi. Babu hakupiga makofi. Alikuwa anasubiri tu, na kila mtu alijua anasubiri nini.

"Mama," Mzee Mtewele akasema, na si kwa ubaya, "tuambie mto."

Mimi midomo inaniwasha. Nilikuwa nimeshaandaa mto wangu mzima, una mamba na mawimbi, nilikuwa nangoja tu nafasi. Bibi akanitupia jicho moja, nikaufunga mto wangu ndani ya meno.

"Nilikuta mtu wetu ng'ambo," akasema. "Mama wa Kilolo. Ana pengo hapa na hapa. Nilimwona vizuri kama ninavyokuona wewe, Mtewele."

Watu wakatazamana. Mtu mmoja nyuma akaguna. Babu akainamisha kichwa, maana hakuwa mjinga: mto unaokuonyesha pengo la mtu wa ng'ambo ni mto mdogo.

"Nikamwambia kamwene, akaitika. Tukaulizana mvua. Tukaulizana mahindi. Nikaingia majini nikampe mkono." Bibi akasimama pale uani, akainamisha goti, akanyoosha mkono mbele. "Hivi. Na yeye hivi."

"Haukufika."

"Haukufika?" Mtewele akasema.

"Huku askari, kule askari. Bunduki huku, bunduki kule. Mtu wa kwetu, Mtewele, ananiita mwenzake, na nimemwacha bila mkono. Haukufika."

Hakuna aliyecheka. Kina mama waliacha kupakua. Mkono wa Bibi ulikuwa bado hewani, na nawaambia bila kuongeza, kila mtu uani pale alikuwa anautazama kama wanatazama mtu anayezama. Mzee Mtewele akashusha mguu wake chini. Akavua kofia.

"Mimi nimefanya kazi mito mingi," akasema. "Mingine ina viboko. Mingine ilikula watu wetu. Lakini yote, yote, tulifika ng'ambo." Akamgeukia Babu. "Katekista, huo sikuwahi kuuona. Huo ni mpana."

Babu alikuwa anamtazama Bibi, macho yamejaa, kisha akanitazama mimi, maana alijua nilikuwepo na alijua nilivyo.

"Wewe. Ni kweli?"

"Ni kweli, Babu."

"Hakuna cha kuongeza?"

Nikatafuta. Nilitafuta kweli kweli. "Hakuna."

Jumapili iliyofuata wajomba walimbeba Babu na kiti chake mpaka kanisani, koti mwilini. Watoto walikaa kimya, na yule wa kamfereji alikuwa benchi la mbele, mama yake amemweka hapo makusudi. Babu akafika kwenye ubatizo wa Bwana. Sote tukasubiri atupe mikono huku na huku. Hakuitupa.

"Yordani, watoto," akasema, "upana wake ni huu."

Akanyoosha mkono mmoja mbele yake, akauacha hewani. Akakaa nao vile, na kanisa zima likakaa nao, mpaka yule mtoto wa benchi la mbele akainuka mwenyewe, bila kuambiwa na mtu, akaanza kunyoosha wa kwake.